Saumu ya Baiskeli

Watu wengine hupanda baiskeli wakakonda. Bwana Bakr wa Langoni, kisiwani Lamu, alipanda baiskeli akanenepa, na anayebisha na amuulize mshipi wake.

Hakuianza baiskeli kwa kupenda. Duka lake la kamba, misumari na rangi za mashua lilikuwa karibu na mlango wa nyumba yake, na kwa miaka mingi mazoezi yake yalikuwa kutoka kitandani kwenda msikitini, kutoka msikitini kwenda dukani, na kutoka dukani kurudi kwenye sinia. Kisha akaanza kuamka kila mara usiku kwenda haja ndogo, macho yakaingia ukungu, na kiu ikawa haimwishi hata akinywa mtungi mzima. Mkewe, Bi Ummu, akamkokota hadi hospitali. Huko Daktari Hayat, mwanamke kijana aliyesomea Nairobi na asiyejua kuzungushazungusha maneno, akamwambia kwamba sukari imempanda.

"Kuna vidonge na kuna mazoezi," alisema Daktari Hayat. "Hivyo viwili vikishindwa, kuna sindano. Kila asubuhi utajidunga mwenyewe, hapa tumboni."

Baada ya neno sindano Bwana Bakr hakusikia kitu tena. Huyu ni mtu mzima mwenye wajukuu, anayewanyamazisha mafundi wa mashua wa kijiji cha Matondoni wakija na kelele zao dukani. Lakini sindano ni habari nyingine. Mwaka ule walipojaaliwa nauli ya Umra, aliambiwa hapana safari bila kuchanjwa. Akatafakari usiku kucha, na asubuhi akatangaza kwamba duka haliwezi kuachwa peke yake. Bi Ummu alikwenda Makka na kaka yake. Mpaka leo mtu akitaja Makka ndani ya nyumba ile, Bwana Bakr hutafuta kazi ya kufanya uani.

"Baiskeli itakufaa," Daktari Hayat aliendelea. "Lakini usipande na njaa, na usipande umeshiba. Hivi vidonge vinashusha sukari, ukivimeza halafu usile utaanguka njiani. Kwa hivyo kabla ya kutoka ule yai moja la kuchemsha na nusu ndizi. Halafu usitie kitu mdomoni mpaka urudi. Na utembee na peremende mfukoni. Ukisikia mwili unatetemeka, mumunya moja haraka."

"Nusu ndizi?"

"Nusu."

"Na ile nusu nyingine?"

"Mpe mkeo. Nakupa miezi mitatu, Bwana Bakr. Sukari isiposhuka, tutaanza sindano."

Basi akanunua baiskeli ya mtumba, ya kijani, yenye kengele iliyolia ikitaka. Kila alfajiri, baada ya swala, alikula yai lake na nusu ndizi yake huku akiitazama ile nusu nyingine kwa uchungu, akafunga kikoi vizuri, akashika ndia ya Matondoni. Dhamira yake ilikuwa safi kabisa. Sindano aliiona mbele yake kila alipokanyaga pedali, na kwa hofu ile angeweza kufika hata Kizingitini kama si bahari.

Tatizo la Lamu si kupanda baiskeli. Tatizo ni kupita. Saa ile milango imefunguliwa, mahamri yanaumuka kwenye karai, na watu wamekaa barazani na birika zao. Mtu unayemjua akipita mbele ya chakula chako ni lazima umkaribishe, na aliyekaribishwa ni lazima aonje. Mzungu atapunga mkono apite zake, hana anayemdai adabu. Lakini Bwana Bakr alijulikana nyumba kwa nyumba, kwani nani katika kisiwa hiki hajawahi kununua msumari?

Siku ya kwanza hakufika hata nje ya mji kabla ya kusimamishwa. Hamdu, anayefuga punda pale nyumba zinapoishia, alimwona akasimama na hamri mkononi.

"Bwana Bakr! Bismillahi!"

"Alhamdulillahi, nimeshiba, Bwana Hamdu."

"Umeshiba kwako. Kwangu huyala kitu."

Ungemjibu nini? Kama angepita tu, adhuhuri isingeingia kabla mji haujaambiwa kwamba Bakr amepata baiskeli na kiburi pamoja. Akateremka. Akala mahamri kwa mbaazi, na mbaazi za nyumba ile zilikuwa za nazi nzito, si za kuonja ukaacha. Mbele kidogo, kwenye shamba lake la minazi, alikaa Mwalimu Famau, aliyesomesha madrasa mpaka alipostaafu. Yeye alikuwa na kahawa, na kahawa haiji bila tende na halua. Na Matondoni kwenyewe, pale mafundi wanapopigilia vyombo vyao vya baharini ufuoni, palikuwa na kibanda cha Bi Radhiya na kaimati zake zilizozama kwenye shira, maji mazito ya sukari. Bi Radhiya hakaribishi kwa mdomo. Ukishusha mguu tu, sahani imeshafika.

Akirudi nyumbani Bi Ummu humuuliza kama ana ndaa. Naye, ili isijulikane kwamba amekwisha kula nyumba tatu, alikaa akala ya nne.

Hali ikaenda hivyo mpaka Jumatatu moja. Alikuwa anakikaribia kituo cha Hamdu, ameshauona mkono unanyanyuka na hamri, na moyoni anaiona sindano. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Nimefunga!"

Hamdu aliurudisha mkono kama aliyeshika moto. "Allah! Nisamehe, Bwana Bakr. Mola akutakabalie."

Na Bwana Bakr akapita! Akapita bila kushusha mguu, kikoi kinapepea, kengele inalia yenyewe kwa furaha. Kwa Mwalimu Famau akasema amefunga, na mzee yule akainuka kitini kumwombea dua. Kwa Bi Radhiya akasema amefunga, na Bi Radhiya akaifunika sinia kwa kawa kwa heshima, asije akamtamanisha mja wa Mungu. Akarudi nyumbani tumbo jepesi na roho nyeupe. Alijiambia uongo ule ni mdogo, tena ni wa matibabu, na Mungu anajua zaidi kuliko Daktari Hayat.

Jumatatu na Alhamisi zikatengenea, kwani kila mtu anajua ni siku za sunna. Lakini Jumanne Hamdu alisimama na hamri lake kama kawaida. Bwana Bakr akasema anafunga kadha, ana deni la Ramadhani aliyougua. Mwezi ulipopevuka akasema anafunga zile siku nyeupe za katikati ya mwezi. Alipoishiwa na sababu akawa anashika kifua tu na kuinamisha kichwa, na watu wakaelewa wenyewe. Ijumaa hakupanda baiskeli, maana siku hiyo peke yake haifungwi, na hakujua saumu ya kuibandika. Peremende za daktari aliziacha nyumbani kwenye kikombe, kwani aliyefunga akionekana anamumunya kitu, habari itafika mjini kabla peremende haijayeyuka.

Ndipo mji ukaanza kumtazama kwa jicho jingine. Mtu mzima, mgonjwamgonjwa, anafunga siku nenda siku rudi, na bado anaendesha baiskeli hadi Matondoni! Msikitini wakamvuta safu ya mbele. Mama mmoja alimletea chupa ya maji amsomee mwanawe anayekojoa kitandani. Bwana Bakr akasoma, afanyeje, na mtoto akaacha kukojoa, jambo lililomwogopesha yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini hayo yote yalikuwa nafuu. Kilichommaliza ni futari. Kila mtu Lamu anajua kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu kama zake, na nje ya Ramadhani waliofunga si wengi, tena hawajitangazi. Hapa alikuwepo mmoja, anapita mbele ya nyumba zao kila asubuhi kwa kengele. Watu wakamgombania. Hamdu alileta viazi vya nazi na samaki wa kupaka. Mwalimu Famau alileta tambi na sambusa, akakaa hapo hapo kuhakikisha thawabu zake zimeliwa zote. Bi Radhiya alituma kaimati kwa mashua, zimefungwa vizuri shira isimwagike. Magharibi ikiingia, ukumbi wa Bwana Bakr ulijaa masinia kama nyumba yenye harusi, na wenye masinia wamekaa wanamtazama mkono unavyokwenda na kurudi.

Bi Ummu alikuwa hapiki tena jioni, na hilo halikumchukiza. Lakini wageni wakishaondoka alikuwa na maneno yake.

"Alfajiri unakula yai, magharibi unafuturu," alimwambia. "Hiyo ni funga ya dini gani, Bakr?"

"Nikipungua nitaacha."

"Utapungua wapi? Kikoi chenyewe hakikuzunguki tena."

"Sasa nifanyeje? Niwaambie nilikuwa nawaongopea?"

"Ndiyo."

Bwana Bakr alimtazama mkewe kama aliyeambiwa atembee uchi katika uwanja wa Mkunguni. Kumwambia Mwalimu Famau! Kumwambia yule mama wa chupa! Akataka kulala kifudifudi ajitie usingizi, lakini tumbo halikumruhusu.

Siku ya kupimwa, Daktari Hayat alimpandisha kwenye mzani, akamteremsha, akampandisha tena.

"Mzani huu ni mbovu," Bwana Bakr alisema.

"Mzani ni mpya. Unakula nini kabla ya kuendesha baiskeli?"

"Yai na nusu ndizi. Wallahi." Na hapo alikuwa mkweli mpaka jasho likamtoka kwa ule ukweli wake.

"Na baada ya hapo?"

"Mpaka jua kuzama sili kitu."

Daktari Hayat alikuna kichwa. Shuleni hawakumfundisha ugonjwa wa mtu anayenenepa kwa kutokula. "Basi naongeza vidonge," alisema. "Mwezi mmoja, Bwana Bakr. Safari hii sitanii." Akafungua droo, akatoa sindano yenyewe ili amwonyeshe jinsi inavyoshikwa. Bwana Bakr alitafuta kiti kwa mkono, macho yamefumba.

Alitoka pale ameapa. Hakuna tena kula futari ya watu. Atasema tumbo linamsumbua. Lakini kiapo hakikupata nafasi. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na alfajiri ile ile Mwalimu Famau aliamua kufuata nyayo za wacha Mungu.

Kawaida ya Bwana Bakr ilikuwa kumeza vidonge kabla ya adhana, kwenda kuswali, kisha akirudi anakula yai na ndizi, halafu anatoka. Siku ile alimeza vidonge vyake, vile vilivyoongezwa, akaenda msikitini. Alipotoa salamu akamkuta Mwalimu Famau pembeni yake, amekunja kanzu, ameegemeza baiskeli ya kuazima kwenye ukuta wa msikiti.

"Leo naandamana nawe," alisema Mwalimu Famau. "Nami nimefunga. Nataka tukifika Matondoni tuwe tumemaliza juzuu nzima."

Wakatembea pamoja mpaka nyumbani. Mwalimu Famau akakaa dakani, pale kibarazani, kumngoja, mlango wazi, na kutoka pale jicho lilifika moja kwa moja mpaka ukumbini. Bi Ummu alikuwa amesimama na sahani mkononi, yai limeshamenywa.

"Kula," alinong'ona.

"Anaona."

"Na aone! Umeshameza vidonge, Bakr. Daktari alisemaje?"

"Ummu, jina langu!"

"Jina lako utazikwa nalo leo leo."

Bwana Bakr aliliangalia yai. Akamwangalia Mwalimu Famau, aliyekuwa akimtabasamia kwa mapenzi ya dhati. Mtu anayekupenda hivyo ni tabu kumlia yai mbele ya macho yake. Akachukua baiskeli akatoka, na nyuma yake akasikia sahani inatuliwa kwa kishindo.

Nyumba za mwisho walizipita vizuri. Hamdu alisimama akashika kifua wapite, watu wawili wema kwa pamoja. Kwenye mchanga mikono ya Bwana Bakr ikaanza kutetemeka. Akadhani ni usukani. Mwalimu Famau alikuwa akisoma kwa sauti nzuri huku akihema, naye Bwana Bakr akiitikia, lakini jasho lililomtoka lilikuwa baridi, na minazi ikaanza kuhama mahali pake. Akapapasa mfukoni kutafuta peremende, akakumbuka kikombe. Alipoanza kusikia nyundo za Matondoni, miguu haikuwa yake tena. Baiskeli ya kijani iliingia kijijini ikiyumba, ikapita katikati ya kuku, ikamlaza mwenyewe mchangani mbele ya kibanda cha Bi Radhiya.

Watu wakakimbilia. Fundi Amini, mtu wa miraba minne, aliacha chombo chake akaja mbio na nyundo mkononi. Bi Radhiya alitoka na kikombe.

"Mai! Mpani mai!"

"La!" alipiga kelele Mwalimu Famau, akiruka kutoka kwenye baiskeli yake. "Msimguse kinywa! Mefunga! Mmwagiani mai ya kitwa, ya kitwa hayavundi saumu."

Wakaleta ndoo wakammwagia yote. Bwana Bakr akatweta. Sasa alikuwa anatetemeka na amelowa.

"Mgonjwa ana rukhsa ya kufungua," alisema Fundi Amini.

"Rukhsa ni ya mwenyewe. Huwezi kumfungulia mwenzio kwa nguvu," alijibu Mwalimu Famau.

"Basi tumuulizeni mwenyewe."

Uso wa Fundi Amini uliinama juu yake, mkubwa, wenye vumbi la mbao. Bwana Bakr alijua yuko wapi na alijua anachohitaji. Umbali wa mkono mmoja tu palikuwa na sinia ya kaimati, shira inang'aa. Akakusanya sauti yote aliyobakiwa nayo.

"Sikufunga."

Mwalimu Famau akatoa leso akajifuta macho. "Mwaona?" alisema, sauti inakatika. "Hata katika hali hii, mefita ibada yake. Hataki kujionyesha mbele za watu. Hiyo ndiyo ikhlasi, enyi watu wa Matondoni!"

"Subhanallahi," wakasema watu wa Matondoni.

"Sikufunga, nasema! Nipani kitu kitamu!"

Fundi Amini alikuwa mtu wa vipimo, hakutaka kubahatisha. "Bwana Bakr, tangu umeamka, umekula nini?"

"Siyala kitu."

"Haya basi. Umefunga."

"Nimekula dawa!"

"Kabla ya adhana au baada?"

Hapo ndipo ungesema mtu angedanganya. Amedanganya Jumatatu, amedanganya Alhamisi, amedanganya mwezi ukiwa mzima na ukiwa nusu. Lakini akili ilishaanza kumtoka, na kilichobaki kilikuwa ukweli mtupu. "Kabla," alisema.

"Saumu iko!" Fundi Amini alisimama akapangusa magoti.

"Siyatia nia!" Bwana Bakr alilia.

Uso wa Mwalimu Famau ukafunguka kwa furaha. Alimshika mkono. "Hilo lisikutie wasiwasi kabisa. Hii ni sunna. Saumu ya sunna nia yake yafaa hata yua likiwa yuu, maadamu huyala na halijapinduka. Bado una nafasi, Bwana Bakr. Tia nia sasa hivi. Sema baada yangu."

Umati mzima ukanyamaza ili asikike vizuri.

Bwana Bakr aliwatazama. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Wangemzika jioni ile kwa heshima zote, wakamlilia kweli, na kila mmoja angebaki anasimulia jinsi alivyomlinda asile. Akaiona sindano akilini mwake, kwa mara ya kwanza bila hofu, kwani hata mtu wa kudungwa ni lazima awe hai. Hasira ikampanda kutoka kwenye nyayo. Akaegemea kiwiko, akajiinua.

"Mimi nina sukari!" alisema, na safari hii nyundo za ufuoni zilinyamaza. "Ni mgonjwa wa sukari. Sifungi! Siyafunga leo, siyafunga Jumatatu, sikuwa na kadha, na hizo siku nyeupe hata sizijui ni ngapi. Kila asubuhi nakula yai na nusu ndizi nyumbani kwangu, kisha napita nikiwadanganya nyote, mmoja mmoja. Nawe Mwalimu Famau nimekudanganya kuliko wote!"

Akaivuta ile sinia. Akatia mdomoni kaimati ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatafuna na machozi, shira ikimtiririka ndevuni mbele ya kijiji kizima. Wala hakuna aliyecheka. Mwalimu Famau alimwachia mkono taratibu. Midomo yake ilikuwa bado imefunguka kwa yale maneno ya nia.

Mwili ulipotulia, Bi Radhiya ndiye aliyesema kwanza.

"Miezi yote hii," alisema. "Ungalisema tu huvitaki vyakula vyangu."

"Navitaka, Bi Radhiya," Bwana Bakr alijibu, akijifuta kwa kikoi kilicholowa. "Ndiyo tabu yangu. Navitaka mno."

Walimrudisha mjini kwa punda, baiskeli imefungwa ubavuni. Habari ilimtangulia. Alipofika, Bi Ummu alikuwa amesimama mlangoni. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamwangalia kama yuko mzima, kisha akaingia jikoni kumlilia mbali naye. Jioni ile hapakuja sinia hata moja. Msikitini alirudi mwenyewe safu ya nyuma, karibu na viatu. Yule mama wa chupa akadai mtoto ameanza tena. Mwalimu Famau hakumsemesha kwa muda. Kisha siku moja akaja dukani kununua misumari asiyoihitaji, akauliza hali, akaondoka. Kwa Mwalimu Famau huo ulikuwa msamaha mkubwa.

Na Daktari Hayat aliposimuliwa yote, tangu hamri la kwanza mpaka ndoo ya maji, alicheka mpaka akavua miwani. Akarekebisha vidonge. Akasisitiza yai. Muda ulipotimia akampima tena, akaisoma karatasi mara mbili, akainua kichwa akiwa na tabasamu.

"Imeshuka, Bwana Bakr. Ukiendelea hivi, sindano huihitaji."

Ilipasa atoke pale akipiga vigelegele. Kwa ajili ya maneno hayo alipanda baiskeli, akaongopea mji, akakaribia kufa mchangani. Lakini alimshukuru daktari kwa sauti ndogo, akatoka taratibu. Bi Ummu, aliyekuwa akimngoja nje, akamuuliza kama majibu ni mabaya.

"Ni mazuri," alisema. "Sindano hakuna."

"Sasa umenunia nini?"

Hakujua amweleze vipi. Tangu Alhamisi ile, kila asubuhi ilikuwa hivi: Hamdu akimwona kwa mbali anafunika mahamri, anageuka kumkagua punda kwato. Mwalimu Famau anaingia ndani na deli lake la kahawa. Bi Radhiya anaibeba sinia nzima kuipeleka nyuma ya kibanda, na anairudisha akishapita. Walikuwa wanamwonea huruma. Mji ulishajua anaumwa, na hakuna aliyetaka kuwa mkono utakaomuua Bakr. Walimsalimia, ndiyo, kwa adabu kabisa. Lakini hakuna aliyemwambia karibu. Alipita kuanzia Langoni hadi Matondoni katikati ya watu wanaokula, kama mtu aliyeteremka mashuani jana na hana mwenyeji. Kitu alichokitaka kwa miezi, kupita bila kulishwa, amekipata, na kilimuuma kuliko alivyodhani sindano ingemuuma.

Asubuhi iliyofuata alikula yai na nusu ndizi, akatia peremende mfukoni, akatoka. Hamdu akamkagua punda. Dirisha la Mwalimu Famau likafungwa. Alipofika Matondoni Bi Radhiya alikuwa ameshainua sinia, anageuka nayo. Bwana Bakr akashika breki.

"Bi Radhiya, mbona hunikaribishi?"

"Nikukaribishe uanguke tena?" Bi Radhiya alisema, sinia kifuani. "Sina moyo huo."

"Sitakula. Wallahi sitakula."

"Sasa nikukaribishe wa nini, na huli?"

"Nikaribishe!" Sauti ilimpanda, Fundi Amini akageuka na nyundo yake. "Nimezaliwa nti hii. Wazee wangu wamezikwa hapa. Napita kwenu kila siku kama mtu asiye na kwao. Sitaki chakula, Bi Radhiya. Nataka kukaribishwa."

Bi Radhiya akaitua sinia mahali pake. Akachukua sahani, ile nzuri yenye maua, akaweka kaimati, akazimiminia shira bila ubahili. Akatoka kibandani, akamfikia pale alipo juu ya baiskeli, akaishika sahani kwa mikono miwili.

"Bwana Bakr," alisema kwa sauti ya kusikiwa na ufuo wote. "Karibu. Bismillahi."

Harufu ya iliki ilimpanda puani. Alimeza mate, akayameza tena.

"Ahsante, Bi Radhiya. Sukari hainiruhusu."

"Hata moya?"

"Hata moya."

"Haya. Na kesho?"

"Kesho pia nikaribishe."

Akakanyaga pedali akaenda zake. Alikuwa analia waziwazi, na kila aliyekuwa ufuoni alimwona.